Zoezi la Kumhudumia Mfiwa

Kwako Baba Tunu,

Assalaam aleikum. Nimefika Tabora salama. Chumba changu hapa Mtendeni kina feni, na chai ya mafunzo ina sambusa. Wanatufundisha sisi watumishi kumpokea mwananchi vizuri, kumpa kiti na kumsikiliza.

Leo tulifanya zoezi la kumhudumia mfiwa. Nurdini, mwenzangu wa mafunzo niliyemjua hapa hapa, alikuwa karani, mimi nikawa mama aliyekuja kuandikisha kifo cha mwanawe. Akaniuliza jina la marehemu. Sikuwa nimetunga lolote, nikamtaja Tunu wetu, tuliyemzika mwezi wa Rajabu. Sikulia. Darasa zima likapiga makofi. Mkufunzi akasema, "Dada Asmahani, umeigiza kama kweli." Nikashukuru, nikakaa.

Usisahau kumwagilia mchicha.

Ni mimi, bado Mama Tunu.