Kaka Anang'oa Vigae vya Paa na Mama Yumo Ndani

Mpendwa Bi Enid,

Naomba msaada wako, tena wa haraka, maana ukurasa wako wa ushauri gazetini hutoka Ijumaa na Jumanne inayofuata afisa wa majengo ya kale kutoka halmashauri anakuja kwetu, na mpaka sasa sijui kama nitafumba mdomo au nitasema. Majina nimeyabadilisha. Tunaishi Aldermoor, nyumba kubwa iliyojengwa na mababu zetu karne tatu zilizopita, na nikisema tunaishi usidhani tunaishi kifalme, tumebanana jikoni na vyumba vichache, kwa sababu tangu baba afariki kila majira ya baridi tunafunga chumba, kikianza kuvuja tunaweka ndoo, ndoo zikizidi tunafunga mlango, na mama akiuliza tunamwambia kinapumzishwa hadi kiangazi, naye huitikia kwa kichwa na kuomba chai. Ndivyo alivyotulea, mambo ya aibu hayasemwi mezani, hata kama maji yanadondokea mezani penyewe.

Wiki iliyopita baada ya upepo mkali nilipanda darini kuangalia ndoo, nikamkuta kaka yangu Piers ametoa nusu ya mwili nje ya dirisha dogo, anang'oa vigae vya paa kimoja kimoja na kuvipanga vizuri kama mtu anayepanga sahani.

"Piers, unafanya nini?"

Hakushtuka hata kidogo. "Nausaidia uzee. Hii nyumba sheria inailinda, hata dirisha hatuwezi kubadilisha bila kibali. Lakini paa likiporomoka watasema ni hatari, tutaruhusiwa kubomoa, wajenzi watachukua kiwanja, na sisi tutapata kijumba chenye joto."

"Mama yumo humu ndani!"

Akacheka. "Mama yuko upande wa mashariki, bibiye, huku ni magharibi. Wewe endelea na ndoo zako."

"Nitamwambia afisa."

"Mwambie. Halafu umweleze mama kwa nini mwanawe anapelekwa mahakamani."

Bi Enid, nimekwama. Nimezaliwa ndani ya nyumba hii, naipenda mpaka naumwa, nikiona ukungu unavyozila picha za mabibi zetu nalia peke yangu kwenye ngazi, na wakati huohuo vidole vyangu vimekufa ganzi kwa baridi na namwonea Piers huruma. Nikimtaja nampoteza kaka, nikinyamaza nyumba inakwenda, na mama hajui lolote, tena nahofia akili imeanza kumtoka, maana kila jioni analitoa koti la mvua la marehemu baba, analitandaza juu ya blanketi na kulala hivyo, nikiliondoa analirudisha, nadhani ni ukiwa. Juzi kaomba kitanda kisogezwe karibu na mlango, Piers akamwambia, "Mama, kitanda hicho hakijasogezwa tangu enzi za babu," yakaishia hapo. Nyumba ni yake, na sote tunaamini kuhama kutamuua, ingawa hatujawahi kumuuliza. Nifanyeje?

Harriet

Harriet,

Pole kwa baridi, na pole kwa kaka. Pole zangu zinaishia hapo, sasa nisikilize. Umeniandikia barua ndefu kuhusu paa, halafu mama ukamnyunyiza mwishoni kama chumvi. Pale pa koti nimesoma mara mbili. Mjane anayemkumbuka mumewe hulala na sweta lake, au shati. Koti la mvua mtu hujifunika kwa sababu ya mvua. Mama yako analowa, Harriet! Dari ya chumba chake inavuja, na pengine imeanza kuning'inia, ndiyo maana ameomba kitanda kiende mlangoni, nanyi mkamjibu habari za babu. Akili zake ni timamu kuliko zenu. Anawaficha kama mnavyomficha, na wote mnajiona wapole.

Kwa hiyo usiniambie habari za Jumanne. Weka gazeti chini, nenda chumbani kwake, bonyeza blanketi kwa mkono, kisha tazama juu. Leo mama analala jikoni karibu na moto. Kitanda kikikataa kupita mlangoni kiacheni, chukueni godoro, na Piers ashike upande mmoja. Nataka aushike huo unyevu kwa mikono yake mwenyewe, yeye aliyekuambia mama yuko mashariki. Hapohapo mwambie arudishe vigae. Ikiwa alijua kuvipanga, kuvirudisha hakutamshinda.

Jumanne mpandishe afisa darini wewe mwenyewe, na milango yote mliyoifunga ifunguliwe. Kama Piers amekataa kurudisha vigae, mtaje. Mmenyonya ziwa moja, najua, na itakuuma. Lakini mtu anayeliporomosha paa huku mama yake yumo ndani hana haki ya kukuomba umfichie siri.

Ama kuhusu kuuza au kubaki, mimi siamui, na ninyi wawili pia hamuamui. Muulizeni mwenye nyumba. Mkalishe mezani, mmiminie chai, useme neno lenyewe: mama, paa linavuja. Usishangae akikuuliza kwa nini umechelewa kumwambia.

Koti la baba yako litundike karibu na moto. Likikauka, na mama asipolitaka tena usiku, ndipo uniandikie kuhusu nyumba.

Enid