Dakika Tatu za Eddo Dahabo

Garissa, Jumatano, Machi 1967

Joto. Tangu asubuhi upepo unaleta vumbi kutoka upande wa soko la mifugo, na mvua ya gu, masika yetu, haijatuonyesha hata wingu. Ni saa kumi na moja jioni. Saa kumi na mbili hakuna ruhusa ya kuwa nje, kwa hiyo nimeshaingia ndani na daftari hili, ambalo mwanzoni lina hesabu zangu za shule na mwishoni lina mimi.

Nimechoka. Sijabeba kitu chochote leo, ila maneno ya watu, na mabega yananiuma kama niliyepandisha maji kutoka mtoni.

Leo nilifanya kazi kwa mara ya kwanza tangu nimalize shule.

Jana walishuka na ndege watu wawili wa televisheni kutoka Nairobi. Bwana Onesmo ni wa kamera, Bwana Rajabu ni wa mashine ya sauti. Walitaka mtu anayejua Kisomali na Kiswahili, na mwalimu wangu wa zamani akawatajia mimi. Mimi, niliyekuwa najua jibu darasani na mkono sinyooshi.

Tulikwenda kwenye kijiji kipya, kile kilichozungushiwa waya, ambako watu wa mifugo wameamriwa wakae tangu mwaka jana. Eddo Dahabo, dada wa baba yangu, anakaa humo. Mwanawe Yusuf alishushwa na askari kutoka lori la mbuzi kwenye kizuizi cha barabara, Modogashe. Aliulizwa kipande cha utambulisho, hakuwa nacho. Wiki saba sasa hatujui alipo. Kila ofisi tuliyoingia imetuambia tuulize ofisi nyingine.

Eddo alikuwa amesikia kwamba wakubwa wa Nairobi hutazama televisheni nyumbani kwao baada ya chakula. Akaniambia, "Nikitaja jina la mwanangu usoni mwao, hata mmoja hataona haya akajibu?"

Nilimwomba Bwana Onesmo. Nilirudia mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakunisikia. Alikuwa ameshapiga picha za foleni ya maji na za watoto, akabaki na kikopo kimoja tu cha filamu. Akasema sawa, mama aseme, lakini kifupi, kikopo kimoja hakifiki dakika tatu.

Hakifiki dakika tatu. Nilielewa vizuri kabisa. Nilimwambia Eddo, "Wanasema iwe kifupi." Akaitikia kwa kichwa. Nilipaswa kumwambia zaidi, na hapo ndipo kosa langu lilipo.

Kamera ilianza kunguruma kama cherehani. Eddo alijifunga shashi yake ya kichwani vizuri, akamtazama Bwana Onesmo, akamuuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Weye kijana, mama yako hajambo? Mbona nabiga bicha bila salamu? Hata ngamia mimi nasalimia kwanza, halafu nakamua."

Bwana Rajabu alicheka mpaka visikizio vya masikioni vikamtoka. "Kasalimie, Onesmo, usije ukakamuliwa wewe!"

Kisha Eddo akageukia kamera na kuwasalimu watu wa Nairobi kwa Kisomali. Aliwauliza kama wana amani, kama mvua imewafikia, kama wagonjwa wao wamepata nafuu. Aliposema yeye ni nani, alisema kama mtu mwenye heshima asemavyo: Dahabo binti Warsame, Warsame wa Gedi, Gedi wa Hirsi, akapanda babu baada ya babu, kwa sauti ile aliyonifundishia mimi majina hayo nilipokuwa mdogo. Kwake huo si urefu. Mtu utamwombaje jambo kabla hajajua unatoka wapi?

Nami nilikuwa nimesimama kando, najua filamu inakwisha. Maneno matano tu yangetosha: Eddo, acha salamu, taja Yusuf. Yalikuwa mdomoni. Lakini kumkatiza shangazi yangu mbele ya wageni, katikati ya majina ya babu zetu, sikuweza.

Sikuweza, au sikutaka kusikika? Sijui.

Alipofika kwenye "mwanangu Yusuf", kamera ililia tak-tak-tak. Filamu ilikuwa imekwisha. Bwana Onesmo aliinua kichwa akanitazama mimi, hakumtazama yeye. Eddo hakujua. Aliendelea kusema moja kwa moja, lori, Modogashe, kipande, siku yenyewe, na mwisho akaomba dua. Bwana Onesmo aliacha jicho lake kwenye kamera iliyokwisha filamu mpaka Eddo akamaliza. Kwa hilo namshukuru.

"Wameniona?" Eddo akaniuliza.

Nikasema, "Ndiyo, eddo."

Alinishika shavu. Akarudi kwenye kibanda chake akitembea wima, kama zamani alipokuwa na ngamia wake.

Kwenye gari Bwana Onesmo aliniambia miaka mitatu nyuma alikuwa akimbebea mzungu miguu mitatu ya kamera. Mzungu kaenda kwao, kamera sasa ni yake, lakini vikopo bado anahesabiwa. Akasema huko ng'ambo wanatumia mashine zinazonasa picha kwenye utepe, kama sauti. Mtu akikosea unarudisha, unaanza tena. Siku moja zitakuwa ndogo za kubebwa begani na zitafika hata huku.

Nikafikiri, zingekuwa zimefika, Eddo angesalimu mpaka jioni.

Ndipo Bwana Rajabu akasema, "Binti, mashine yangu mimi haikusimama. Ninayo sauti yote." Utepe wake ni mrefu kuliko filamu. Bwana Onesmo akasema televisheni haina kazi na sauti isiyo na sura. Wakabishana. Mwisho wakakubaliana kwamba sauti inaweza kuwekwa juu ya picha ya foleni ya maji, ambayo Eddo yumo, ameshika debe. Lakini anayekata na kuunga filamu kule Nairobi hajui Kisomali. Anahitaji karatasi.

Kwa hiyo adhuhuri nilikaa ofisini na kalamu, Bwana Rajabu akinirudishia utepe kila niliponyoosha mkono. Safari hii niliunyoosha. Ofisa wa serikali aliyewasindikiza wageni alipita, akasoma juu ya bega langu, akasema, "Andika mistari miwili inatosha. Mama anashukuru kwa maji, basi." Alipoondoka niliandika ukurasa mzima.

Sikufuata mpangilio wa Eddo. Anayesoma Nairobi naye anaweza kuchoka, au kuitwa, au karatasi ikachanika. Mstari wa kwanza, kwa mwandiko wangu wa mtihani, niliandika: Yusuf Ali Bare, alishushwa Modogashe, mama yake anauliza yuko wapi. Salamu na babu wote niliwaweka chini, hakuna hata mmoja niliyemwacha.

Bwana Rajabu alikunja karatasi, akaiingiza ndani ya kopo la utepe, akalifunga kwa plasta. Ndege iliondoka saa tisa.

Hapa Garissa sijui nyumba hata moja yenye televisheni. Hatutajua kama ilionyeshwa. Huenda ofisa aliandika karatasi yake mwenyewe. Huenda yule wa kukata akakata.

Na Eddo atalala akiamini wakubwa wamemwona akitaja jina la mwanawe.

Kesho asubuhi, waya ukifunguliwa, nitakwenda. Nitamsalimu kama inavyopasa, nitamuuliza usiku wake na afya yake. Lakini salamu zitakuwa fupi, maana najijua: zikirefuka, nitarudi nyumbani bila kumwambia.