Matembezi Niliyoyapanga na Simu Yako

Baba,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua, na yangu usiiulize. Nipo chumbani kwangu Sanyuanli, hapa Guangzhou. Huko chini wanapakia marobota ya nguo kwenye malori na kupigiana kelele kama kawaida, na mimi nimekaa na ramani ya mlima ambao hutaupanda.

Wewe bwana misitu wa Lushoto, umeotesha miti maisha yako yote, lakini mti wa biichi hukuwahi kuuona ila kwenye picha za chuoni. Gome la kijivu, laini, halipasuki hata mti ukizeeka, ulikuwa ukituambia. Nilipokwambia ipo huku, kwenye milima ya kaskazini mwa jimbo hili, unatoka Guangzhou kwa treni asubuhi na jioni umerudi, ulicheka mpaka ukakohoa. "Nilidhani umeenda China kusomea uhandisi wa maji, kumbe umenitangulia msituni!" Siku hiyohiyo ukaanza kuulizia viza.

Tukapanga. Ee Baba, tulivyopanga! Matembezi ya siku moja, si ya kitoto na si ya kuua mzee. Ujumbe wako wa sauti ulikuwa haunipi nafasi hata ya kunywa chai. Tupande kwa zile ngazi za mawe, polepole. Adhuhuri tuswali juu, palipo tambarare. Kushuka tutaona, goti likishafika kileleni tutaliuliza lenyewe linataka kupita wapi. Nikasema nitanunua mikate kwa Waislamu wa mtaa wa Xiaobei, ukakataa katakata: mkate wa dukani haupandi mlima, nipike chapati, na uzibebe wewe, maana mimi nitazimaliza njiani.

Kisha sauti zikakoma, yakaja maandishi. Kaka Shabani aliniambia umeshikwa na kifua, kuongea kunakuchosha, ila unaendelea vizuri. Nikaamini. Nilikuwa kwenye mitihani, na nani asingetaka kuamini? Kila nikitoka kwenye mtihani nakuandikia. Mvua ikinyesha ngazi zitateleza, tufanyeje? Ukajibu, "Tutavaa viatu vyenye meno." Siku nyingine nikauliza, tukichoka huko juu si bora turudi kwa ngazi zilezile? Ukajibu, "Hapana. Tuzunguke, tushukie barabara ya watu wa misitu. Twende kwa njia moja turudi kwa nyingine, kama Idi."

Kama Idi! Nilitokwa na machozi ya furaha ndani ya metro, watu wakanikodolea macho. Nilikumbuka ulivyokuwa ukitushika mikono, mimi na Shabani, kwenda kuswali kwa njia ya sokoni na kurudi kwa njia ya mtoni, sisi tunalia viatu vipya vinatubana, wewe unasema Mtume ndivyo alivyofanya, twende tu.

Siku niliyomaliza mtihani wa mwisho Shabani akapiga. Ulikuwa umeshazikwa. Umezikwa zamani, Baba, tanga limeshaanuliwa, watu wamerudi makwao. "Tulikuficha usije ukaharibikiwa na mitihani," akasema. Nikamuuliza, na simu ya Baba? Akasema, "Ulikuwa unaandika sana. Ningekuacha bila jibu ungejua."

Nilimtukana matusi ambayo hukunifundisha. Najua ndivyo wanavyofanyiwa wote walio mbali. Pale jengo la Tianxiu, ninapowatafsiria wafanyabiashara wa kwetu siku za mapumziko, kuna mama wa Tabora aliyeambiwa habari za msiba wa mama yake baada ya mzigo wake kufika bandarini. Naye ananiambia, "Pole mwanangu, walikuhurumia." Huruma gani hii? Kijiji kizima kilikulilia, hata wale uliokuwa ukiwakamata kwa kukata mkaa. Mimi mwanao, saa ile wanakufukia, pengine nilikuwa nakuuliza habari za viatu.

Jumamosi ambayo ndege yako ingefika nilikwenda uwanja wa ndege wa Baiyun. Usinicheke. Najua aliyekufa hapandi ndege, lakini maiti sikuiona, kaburi sijaliona, moyo ukaniambia nenda kahakikishe. Wakatoka wachuuzi na mabegi yao matupu, wakatoka wanafunzi, akatoka mzee mmoja wa kofia nikasimama wima. Akapokewa na mwanawe. Nilibaki pale mpaka mfagiaji akaja kuniuliza kama nimepotea. Tangu siku ile hakuna ninachokingoja.

Mlima nitaupanda. Hautaniponya, wala sijidanganyi. Nitaupanda kwa sababu mipango ndiyo mali pekee uliyoniachia huku. Ngazi za mawe ni zako, hizo nina hakika, nimezisikia kwa sauti yako. Nitaligusa hilo gome na nitakwambia kama ni laini kweli, ingawa hutasikia. Baada ya hapo sijui lipi ni lako. Shabani anasema nikirudi Lushoto atafungua simu anionyeshe ulipoishia wewe na alipoanzia yeye. Na Shabani naye alishikwa mkono siku za Idi, Baba. Maneno yale anayajua kama ninavyoyajua mimi.

Basi kwaheri, baba yangu. Mola akupanulie kaburi ambalo wenzangu walilirushia udongo na mimi sikuwepo. Ninachoweza kukuahidi ni hiki tu: simu ile sitaitazama. Nikifika juu nitashukia barabara ya watu wa misitu, peke yangu, na maisha yangu yote sitamuuliza mtu ni nani aliyeniambia nipite huko.

Mwanao,
Saumu