Laptop ya Baba na chetezo cha Bibi

Shadya, wallahi leo sina uso.

Laptop ya Baba imekufa asubuhi. Ripoti yake ya kazi imo humo na anaitaka kabla ya adhuhuri. CD ya kuitengenezea hatuna. Nikajitia fundi, nikapakua mfumo kwa laptop yangu, nikautia kwenye flashi, nikaanza kuirekebisha.

Asilimia tisini na tisa, ikakwama. Nusu saa! Baba kasimama nyuma yangu, "Yalla, yalla."

Mara Bibi akaingia na chetezo. Chetezo, Shadya! Ubani unafuka!

"Hichi kidude cha baba yako kimepigwa jicho," akasema. "Tangu juzi Fawziya jirani alivyokisifu bila ya mashallah."

Akaizungushia moshi mara tatu. Nampigia kelele, "Bibi, moshi utaingia ndani!" Hanisikii, anasoma zake.

Mzunguko wa tatu, ikawaka. Wallahi ikawaka! Ripoti imo nzima. Baba akambusu Bibi kichwani. Mimi hata ahsante sikupata.

Sasa hivi mlango umegongwa. Khalti Fawziya huyo, na laptop yake mkononi. Nikanyoosha mikono niipokee.

"Si wewe, mwanangu," akasema. "Bibi yupo?"