Maji Machafu Uliyoyamwaga

Baba watoto,

Maharage yako jikoni, yapashe moto. Wa mwisho anywe dawa kabla ya kulala.

Yale maji ya kiwanda cha rangi uliyoyamwaga asubuhi, ukasema unanisaidia usafi, ndiyo utafiti wangu wa uzamili wa uhandisi kemikali. Friji ya maabara ni mbovu. Nilikuomba nafasi kwenye yetu, ukaitikia huku macho yako yakiwa kwenye simu. Bila majibu ya vipimo vyake, chuo hakiniruhusu kutetea tasnifu. Nimeenda kiwandani kuchota mengine, nianze upya.

~~Nitarudi saa kumi na mbili.~~ Nitarudi nikimaliza.

Chupa ya maji hayo umeisugua ikang'aa, hongera. Tangu tuoane, hicho ndicho chombo cha kwanza ulichoosha humu ndani.

Mama watoto