Mboni ya Mama, Mwaka 92

Nasma!! Uko wapi? Nimetoka kwa mama sasa hivi, sijui nicheke au nilie. Ile hadithi ya baba kuponea chupuchupu kutiwa ndani mwaka 92? Ni kweli shoga yangu!

Wakati huo mama ameolewa kijijini Chumbi miezi mitatu tu. Asubuhi moja akaamka mboni ya kushoto imetanuka, ya kulia iko kama kawaida. Kaka yake, mjomba Saadi, akamkwida baba shati: "Umempiga dada yangu kichwani!" Wakaongozana wote hadi kituo cha afya Kibiti.

Tabibu naye akawatoa baba na mjomba nje, akafunga mlango. "Binti, amekupiga?" Hapana. "Umeanguka?" Hapana. Akammulika tochi, ile mboni kubwa haikusinyaa hata kidogo! Lakini kichwa hakimuumi, kope haijalegea, na anajibu vizuri tu. Tabibu akamtazama kwa shaka. "Umetia nini jichoni?"

Kimya.

Nasma, KIMYA! Na huko nje anamsikia mjomba anataka polisi waitwe!

"Ukinyamaza, mumeo leo analala ndani."

Ndipo akasema. Jicho lilimwasha, akachukua kwa siri matone ya mama mkwe, aliyopewa Dar alipopimwa macho. "Hayo ndiyo yanayotanua mboni," tabibu akasema. "Itarudi yenyewe."

Nikamuuliza mama, kwa nini hukusema mapema? Eti aliogopa kuitwa mwizi ukweni. Mwizi! Bora mume afungwe??

Mboni ilirudi siku ya nane. Lakini baba alikuja kuongea na mama tena mpunga ulipovunwa, miezi baadaye.