Uani Alikolala Baba

Mama yangu,

Nilikwenda Kismayu. Nimerudi Mombasa juzi, na tangu nirudi sijaweza kumwambia mtu, hata mdogo wangu Shamsa. Akiniuliza namjibu kwamba safari ilikuwa ndefu. Nakwambia wewe, maana wewe hakuna kitakachokuumiza tena.

Nyumba ipo. Nilidhani nitakuta kifusi, lakini ipo, ingawa ningeipita bila kuijua kama si ule msikiti ulio mkabala. Mlango wa nakshi alioutengeneza babu yako haupo, wametia bati. Baraza uliyokuwa ukishinda ukisuka ukili na majirani imevunjwa. Ghorofa imeanguka na boriti zake zimekwenda kuwa kuni. Zimebaki kuta za chini tu, chokaa imebanduka, mawe yako wazi.

Mawe yale ulikuwa ukituhadithia kila jioni katika kambi ya wakimbizi. Kwamba babu wa babu yako alitoka kisiwa cha Chovai, akayakata mwenyewe ufuoni maji yakipwa, na kwamba chumba cha kati ndimo alimozaliwa mama yako, nawe ukazaliwa humo. Mimi na Shamsa tulikuwa na njaa, tukakusikiliza kwa sikio moja. Sasa naitafuta hadithi ile naipata nusunusu. Yule bibi aliyechimbisha kisima, jina lake nani? Ulinambia, Mama. Ulinambia mara nyingi.

Nilibisha hodi, akafungua mwanamke mmoja aitwaye Hawo. Tulisema Kisomali. Yeye na wanawe walikimbia vita huko bara, wakaja wakaikuta nyumba tupu. Alidhani nimekuja kumtoa. Akaniuliza kwa upole, ni nani mtaani anayeweza kushuhudia kwamba hapa ni kwetu? Nikafikiri. Mzee Shee, jirani yetu, alifia kambini. Kina Zena wa nyumba ya pili wako Ulaya. Fundi Athmani alichukuliwa na bahari njiani. Mtaa ule mzima, Mama, hakuna hata mmoja anayejua mimi ni mtoto wa nani.

Nikamwambia sikuja kudai nyumba. Nataka kuona uani tu.

Asubuhi ile hatukuwahi kuizungumza, mimi na wewe. Wale vijana wa bunduki walitaka dhahabu. Baba akasimama mlangoni, akawaambia ndani kuna watoto. Wakampiga risasi palepale. Njia ya makaburini ilikuwa haipitiki, basi wewe na Mzee Shee mkamkafini kwa shuka la kitanda, mkamzika uani karibu na kisima. Mashua ya kwenda Burgao ilikuwa inaondoka, majirani wakikuhimiza, nawe ukasema neno moja tu: "Mchu hamtupi mumewe." Ulisema hivyo, kwamba mtu hamtupi mumewe, kisha ukatushika mikono ukatoka. Ungefanyaje, nasi tulikuwepo?

Uani wametia saruji. Kisima kimezibwa. Na pale alipo baba, waliokaa kabla ya Hawo walijenga jiko. Sufuria ilikuwa motoni, maharage yanachemka. Nilichutama nikaweka kiganja juu ya saruji.

Hawo aliniuliza nina nini. Nilitaka kunyamaza, maana wanawe wanakula pale kila siku. Lakini siku zako za mwisho ulinituma nikamsalimie baba, na sikuweza kumsalimia kwa kificho nyumbani kwake mwenyewe. Nikasema, "Baba yangu yuko hapa chini."

Hawo aliepua sufuria, akamwagia moto maji, akawatoa watoto nje. Kisha akaketi sakafuni kando yangu, tukamsomea Fatiha, mimi na yeye. Tulipomaliza aliniambia, "Sina pa kwenda. Ningekuwa napo, ningekuachia leo."

Nilimwamini, na hilo ndilo linaloniua. Miaka yote hii nilikuwa nikimchukia mtu niliyedhani anaishi kwetu. Nimefika, na sina wa kumchukia.

Sasa nifanye nini? Saruji ivunjwe, baba ahamishwe, wale watoto wapikiwe wapi? Au nimwache? Shekhe mmoja kanambia hivi, mwingine kanambia vile. Mimi nakuuliza wewe, na wewe hujibu, nami nakuuliza tena. Nilipokwenda kumuaga Hawo mvua ilikuwa ikinyesha. Nilimkuta anapika nje chini ya kipande cha turubai, mwanawe wa kike akiushikilia moto usizimike.

Mama, Ijumaa nitamwambia Shamsa. Nakuahidi nitamwambia yote, wanawe wakiwa wamekaa wanasikia, walijue jina la babu yao na mahali alipo. Nitakaposahau nitasema nimesahau.

Tangulia, mama yangu. Mungu akukutanishe naye mahali ambapo mtu hahami tena.

Mwanao,
Mwanakheri